Magari ya umeme: neno la fundi linafika wapi?

Ukishuka Kariokor ukaifuata njia ya kuingilia Ziwani, mafundi utawaona kabla ya nyumba. Huyu amelaza pikipiki ubavu, yule yuko chini ya matatu miguu nje, mwengine anachomelea bodi huku watoto wa shule wakipita mbali wasirukiwe na cheche. Ni mtaa mdogo wa enzi za mkoloni, umebanwa baina ya Kariokor, Pumwani na Gikomba, na kwa msomaji wa Pwani haupaswi kuwa mgeni. Jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambacho kilizoa vijana wa Pwani kama kilivyozoa wa bara. Na jirani yake Pumwani, hasa Majengo, ni mahali ambapo kwa takriban miaka mia moja watu wamekuwa wakizaliwa, wakioana na wakizikwa kwa Kiswahili.

Nilikuwa hapo majuzi, nimekaa kwenye benchi ya fundi mmoja wa pikipiki aliyeianza kazi hiyo kabla mimi sijamaliza shule. Akaja kijana na bodaboda ya umeme. Lalamiko lake lilikuwa moja: ikipanda mlima na abiria, inachoka ghafla. Alikwisha kuirudisha mara mbili kwa kampuni iliyomkopesha. Mara zote mbili iliunganishwa na kompyuta, kompyuta ikasema haina kosa, naye akaambiwa aende akafanye kazi.

Mzee hakufungua kitu. Alimwambia kijana ampakie mtu aiendeshe mpaka kilimani na kurudi, kisha akapitisha kiganja juu ya ganda la waya mnene, pale unapoingia kwenye kidhibiti.

"Huu una homa," akasema. "Guza huu mwengine, baridi. Hapa nati imelegea kwa kutikisika, umeme unapita kwa shida. Warudie, waambie wakaze hapa na wabadilishe hiki kichwa cha waya."

Kijana akacheka kidogo. "Mzee, nitamwambia nani? Nikisema ni fundi wa Ziwani amesema, si watanifukuza?"

Safu ya leo imetokana na jibu hilo. Magazetini, mjadala wa magari ya umeme ni wa bei, kodi na vituo vya kuchaji. Hayo yana maana. Bunge lilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 halmashauri ya EPRA ikaidhinisha bei maalum ya umeme wa kuchajia. Lakini kuna swali ambalo halijapata nafasi yake: ndani ya karakana na ofisi za wahandisi, nani anaongoza nani, na neno la nani linapita?

Mtambo wa fani nne

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Injini ya petroli ina mamia ya vipande vinavyosugua na kuzunguka: pistoni, valvu, fimbo, minyororo, pampu. Riziki ya Ziwani imejengwa juu ya vipande hivyo. Kubadilisha oili, kusafisha plagi, kufungua injini ikapigwa ovaholi, yote ni pesa ya unga na karo. Mota ya umeme kipande chake kikubwa kinachozunguka ni kimoja tu. Haina oili ya injini, haina plagi, haina kabureta. Zitabaki breki, magurudumu, beringi na shokamzoba. Kwa hiyo mzee yule anapotazama bodaboda ya umeme ikipita, anaitazama pia nusu ya kazi yake ikiondoka.

Kinachoendesha chombo cha umeme ni betri, mota, na kidhibiti kinachosimama baina yao kikiamua umeme kiasi gani upite na wakati gani. Vitu vitatu, lakini fani zinazohusika ni nne kwa uchache. Betri ni kazi ya mkemia. Mota ni ya mhandisi wa umeme. Kidhibiti hakiendi bila mwandishi wa programu. Fremu, giya, mnyororo na viungio vinavyobeba yote hayo ni vya mhandisi wa mitambo na wachomeleaji wake.

Sasa irudie pikipiki ya yule kijana. Imepanda mlima, mota ikataka umeme mwingi, kiungio kilicholegea kikapata moto. Kipimajoto kilicho karibu kikaiarifu programu kwamba kuna joto, na programu ikafanya ilivyofundishwa: ikapunguza nguvu ili kuokoa chombo. Ukimuuliza mwandishi wa programu, atasema mfumo umefanya kazi sawasawa, na ni kweli. Mtu wa betri atasema seli ni nzima, na ni kweli. Mtu wa mitambo hajaulizwa, kwa sababu kompyuta haikutaja nati. Kila mmoja ana haki upande wake, na abiria ameshushwa katikati ya mlima.

Makosa ya mitambo hii hupenda kukaa kwenye viungio, pale fani moja inapokabidhi kwa nyengine. Na viungio hivyo ni vya watu kama vilivyo vya shaba. Ndiyo maana kuongoza timu ya watu mchanganyiko ni sehemu ya uhandisi wenyewe. Mkubwa wa kazi akidhani ni jambo la idara ya wafanyakazi, la picha ya mwisho wa mwaka, amekosea tangu mwanzo.

Nani wako karakanani

Tazama kazi hii nchini ilivyoanza. Kampuni iliyoitwa Opibus ilianzishwa Nairobi mwaka 2017 na vijana waliotoka Uswidi. Walianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya kitalii ya aina ya Land Cruiser na kutia mota na betri. Mwaka 2022 wakabadilisha jina kuwa Roam, na mwaka uliofuata wakafungua kiwanda cha pikipiki mjini Nairobi. BasiGo, iliyoanza mwaka 2021, ilileta mabasi ya muundo wa BYD ya China na kutafuta mahali pa kuyaunganisha hapa hapa. Mkono mmoja wa kazi hiyo ulikuja kwetu Mombasa, kwa Associated Vehicle Assemblers, kiwanda ambacho kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970. Baadaye kazi ikaenda pia Thika, kwa Kenya Vehicle Manufacturers. Na Septemba 2023, Rais William Ruto aliizindua kampuni ya Spiro na pikipiki zake za kubadilishana betri papa hapa Mombasa.

Orodha hiyo inaonyesha mchanganyiko ulivyo. Mtaji unatoka ng'ambo, michoro mingine China, mingine Ulaya. Wahandisi ni wahitimu wa vyuo vyetu na wa vyuo vya nje. Wanaokaza nati wametoka vyuo vya ufundi na jua kali. Wapo Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Wahindi wa Kenya, Wazungu, Wachina. Wapo wanawake, na idadi yao katika kazi za umeme ni kubwa kuliko tulivyozoea kuona gereji. Wapo vijana wa miaka 24 wanaowasimamia wazee wa miaka 50.

Watu wengi husema mchanganyiko ni jambo jema, wakaishia hapo. Mimi nasema ni jambo gumu. Timu ya watu wa shule moja na kabila moja huelewana kwa nusu neno, hata wanapokosea pamoja. Timu mchanganyiko ina macho mengi zaidi, lakini macho hayo hayana faida ikiwa aliyeona hasemi, au anasema kwa lugha asiyoelewa mwenzake, au anasema na wa kumsikiza hayupo. Kampuni inakuwa imelipa mishahara ya watu kumi na kupata akili ya mmoja.

Hasara ya kutosikizana

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya nchi changa. General Motors ya Marekani iliunda gari la umeme liitwalo Chevrolet Bolt, seli za betri zikitoka kwa LG ya Korea Kusini. Baadhi ya magari yakaanza kuwaka moto. Novemba 2020 kampuni ilitangaza kuyarudisha kiasi cha magari 68,000, na dawa ya kwanza ilikuwa ya programu: betri isijazwe zaidi ya asilimia 90, kisha ikaja programu mpya ya kutafuta seli zenye dalili mbaya. Julai 2021, magari mawili yaliyokwisha kutibiwa hivyo yakawaka. Mwezi Agosti ikabidi yarudishwe yote, karibu 140,000. Chanzo kilikuwa kiwandani kwa mtengeneza seli, kasoro mbili ndogo zilizokutana ndani ya seli moja. LG ikakubali kubeba gharama ya hadi dola bilioni 1.9.

Hizo ni kampuni mbili tajiri zenye wahandisi kwa maelfu. Kosa lilikuwa la kemia na mashine za kiwandani, na kwa miezi kadhaa likatibiwa kwa programu. Bodaboda ya Ziwani ndiyo hadithi hiyo hiyo, kwa bei ndogo.

Kwa upande wa pili, Uganda imetuonyesha mchanganyiko unavyoweza kuzaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walijiunga na mradi ulioongozwa kutoka MIT ya Marekani, uliokusanya wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali kuunda gari lililopewa jina Vision 200. Liliunganishwa Turin, Italia, mwaka 2008. Timu ya Makerere haikupewa kazi ya kupaka rangi: ilihusika na mtambo wa mwendo na mawasiliano ya ndani ya gari. Waliporudi nyumbani walikuwa na kitu mkononi. Mwaka 2011 wakaendesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, na mwaka 2016 wakatoa basi la Kayoola lenye mabamba ya jua. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors na kiwanda cha Jinja. Ukitaka kujua timu mchanganyiko inaongozwa vipi, uliza swali moja: mgeni au mdogo amepewa sehemu gani ya kazi? Akipewa moyo wa chombo, ataondoka akiwa mhandisi. Akipewa kufuta vumbi, ataondoka alivyokuja.

Kenya nayo ilijaribu mapema. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Yakatengenezwa magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990. Kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuja, pesa zilikosekana, na waliojifunza kazi ile wakatawanyika kila mtu na njia yake. Wengi hukumbuka magari yaliyopotea. Mimi husikitikia zaidi ile timu, kwa sababu ujuzi wa watu waliokwisha kuzoeana kazini haununuliki tena ukishavunjwa.

Nahodha na bildi

Najua jibu litakalokuja. Watasema nahodha wengi chombo huenda mrama. Watasema kampuni hizi zinashindana na bidhaa za bei rahisi kutoka nje, mtaji una mwisho wake, hakuna muda wa kumsikiza kila mtu. Na wengine watasema kazi ya uhandisi ipewe anayeiweza, basi, habari za kabila, jinsia na kijiji ziachwe mlangoni.

Methali hiyo ni yetu, na ni ya kweli. Lakini waliotuachia methali hiyo walikuwa mabaharia, na walijua jinsi chombo kinavyoingia mlangoni mwa bandari maji yakiwa machache. Nahodha ni mmoja. Yuko tezi, na amri ni yake. Pale omoni husimama baharia na bildi, anapima kina na kupaza sauti. Anaweza kuwa ndiye mdogo kuliko wote chomboni. Akisema pima mbili, nahodha hamuulizi baba yake ni nani wala amesoma wapi. Anageuza usukani. Nahodha asiyesikiza bildi huishia mwambani na mamlaka yake yote.

Kwa hiyo sisemi kila uamuzi upigiwe kura. Nasema mwenye bildi asikike, na hilo halitokei kwa bahati. Linatengenezwa, kama mtambo unavyotengenezwa. Naona mambo manne yanayomhusu kiongozi wa timu ya namna hii.

La kwanza ni lugha. Mikutano ya wahandisi ni kwa Kiingereza, na maandishi ya vipuri wakati mwengine ni kwa Kichina. Karakanani watu husemezana kwa Kiswahili, au cha Eastlands kilichochanganyika na sheng. Anayejua kosa lilipo mara nyingi hana Kiingereza cha kulieleza mbele ya wakubwa, basi hunyamaza. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Hakuna sababu ya mkutano wa asubuhi karakanani kutofanywa kwa Kiswahili, na maonyo ya umeme mkali kutoandikwa kwa Kiswahili ukutani. Na viongozi wa bara wasione vibaya nikisema hili pia: kundi likisemezana kilugha juu ya meza ya kazi, yule asiyekijua ameshatolewa nje. Betri ya basi ina volti mamia. Mtu aliyekosa kuelewa neno moja anaweza kufa.

La pili ni haki ya kusimamisha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na inamzuia mwajiri kumrudisha pale kabla hatari haijashughulikiwa. Sheria iko. Lakini kibarua wa mkataba wa miezi mitatu ataitumiaje, ikiwa aliyeongea mwezi uliopita hakuongezewa mkataba? Kiongozi hupimwa na anavyomtendea mtu wa kwanza aliyesimamisha kazi bila sababu ya kweli. Akimkaripia, wa pili mwenye sababu hatasimama.

La tatu ni kugawana sifa na kosa. Katika timu hizi kosa hushuka ngazi haraka: "fundi hakukaza." Sifa hupanda: "wahandisi wetu wamebuni." Msichana aliyegundua kwamba kiungio kimewekwa upande mbaya asipoona jina lake kwenye ripoti, mara ya pili atalitengeneza kimya kimya, na kosa litajirudia kwenye pikipiki mia zitakazotoka baadaye. Kuandika jina la aliyeona ni jambo dogo lisilogharimu kitu.

La nne ni kuupima mtambo pale utakapotumika, pamoja na watu wa pale. Hapa ndipo sisi wa Pwani tunapoingia.

Chumvi ya Likoni

Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni ya baridi kiasi. Mombasa ni joto, unyevu na chumvi. Betri ya lithiamu ikikaa kwenye joto huzeeka mapema zaidi. Chumvi hula viungio vya shaba na kufanya kutu kwenye boliti, na kiungio kilicholiwa hupata moto vile vile kama nati iliyolegea. Vifaa vingi vya pikipiki huuzwa vikiwa na cheti cha kuzuia maji kiitwacho IP67, maana yake kifaa kimezamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa na maji hayakuingia. Jaribio hilo hufanywa kwa maji matamu. Halisemi lolote kuhusu mwaka mzima wa kushuka na kupanda feri ya Likoni, maji chumvi yakiruka chini ya tuktuk yenye abiria watatu na gunia la viazi.

Mwanamke wa Mtongwe anayeuza samaki analijua hilo bila cheti. Fundi wa mashine za boti wa Lamu analijua zaidi, kwa sababu maisha yake yote amepigana na chumvi kwenye plagi na nyaya. Mhandisi aliyezaliwa Kiambu au Linköping halijui, na si aibu kwake. Aibu ni kuunda timu ya chombo kitakachouzwa Pwani bila kumtia ndani hata mtu mmoja aliyeishi na chumvi, au kumtia na kumpa kazi ya kufagia.

Na hapa lazima tujitazame na sisi. Kiswahili chetu kimefika Ziwani, kimefika Thika, ndicho kinachozungumzwa kila karakana ya Kenya. Watoto wetu ndio hawajafika. Tunalalamika kuwa kazi zimechukuliwa na watu wa bara, na lalamiko hilo lina msingi wake. Lakini mara ngapi mzazi wa kwetu amemwambia mwanawe kwamba ufundi ni kazi ya waliofeli? Mara ngapi binti aliyetaka kusomea umeme ameambiwa achague kozi ya "heshima"?

Hatukuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliasisiwa Mombasa taasisi ya MIOME, ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo. Walifundishwa umeme, mitambo na ubaharia, na vijana walitoka Zanzibar, Tanganyika, Uganda na Kenya nzima. Waarabu, Waswahili, Wahindi na Wasomali walisimama kwenye meza moja ya kazi. Taasisi hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Urithi wa kuongoza watu mchanganyiko kwenye kazi ya mikono tunao ndani ya mji wetu. Tumeusahau tu.

Basi naomba mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Serikali za kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, kila zinapoipa kampuni ya magari ya umeme kiwanja au leseni, ziulize majaribio ya chumvi yatafanywa wapi na na nani, na vijana wangapi wa vyuo vya hapa watakaa kwenye meza ya betri na kidhibiti, achilia mbali getini. Chuo cha Tudor na kiwanda cha Miritini vimetenganishwa na safari fupi ya matatu. Mwanafunzi wa umeme asimalize miaka yake bila kuifunga na kuifungua betri ya basi chini ya jicho la mtu anayeijua. Wazazi nao wawaache mabinti waende.

Na kampuni zenyewe zifungue njia ya neno la fundi. Kila mwendeshaji anayerudisha chombo apewe karatasi, au ukurasa kwenye simu, wa kuandika alichosema fundi wa mtaani, na mhandisi alazimike kukijibu kwa maandishi. Mengine yatakuwa upuuzi. Machache yataokoa pikipiki mia, na pengine roho ya mtu. Mafundi wale wataipoteza kazi ya oili na pistoni watake wasitake. Wakifundishwa mapema kufanya kazi na umeme kwa usalama, kampuni itakuwa na jicho kila mtaa. Wakiachwa nje, watafungua betri hizo kwa bisibisi na kubahatisha, kwa sababu mtu lazima ale, na moto utakaotokea utachoma jina la kampuni pamoja na kibanda.

Mhandisi mmoja akitoka ofisini siku moja kwa mwezi, aache kompyuta kwenye gari, aende akakae pale Ziwani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, atajifunza. Benchi ya yule mzee inaenea watu watatu.